Mita Inayosoma Sifuri

6 Machi

Kaka yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Naomba barua hii iwakute mmekaa mezani mnabishana, maana nikisikia hambishani ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Magoti ya wifi yanaendeleaje? Mwambie ule mto niliomshonea auweke chini ya goti, si chini ya kichwa. Namjua. Mpwa wako amepata uhamisho, siku hizi anafundisha mbali zaidi na anakuja likizo tu, kwa hiyo nyumba imebaki na mimi na paka. Tunaongea vizuri, ila yeye hajibu.

Ningekupigia simu, lakini tangu ile asubuhi tulipopigiwa habari ya baba, simu tumeiachia misiba, na mimi ikilia tu miguu inaisha nguvu. Bora tuandikiane kama tulivyozoea.

Kaka, wiki iliyopita nimekabidhi cherehani. Nimeshona na kutia viraka mashuka ya hospitali ile tangu nikiwa msichana, ya wodi zote, pamoja na magauni ya kijani ya chumba cha upasuaji, na sijawahi kulalia hata shuka moja kati ya hayo. Siku ya mwisho nilisimama katikati ya chumba cha kushonea, mvuke wa dobi ukiingia dirishani kama kawaida, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Hapo hapo hofu ikanishika. Nikajiuliza, je, kama sasa ndiyo zamu yangu?

Basi nije kwenye jambo lenyewe. Kadi yangu ya kazini inakufa mwisho wa mwezi huu. Sisi wastaafu tumewekewa bima mbili mezani tuchague. Bima kubwa inakata karibu robo ya pensheni kila mwezi, lakini ukifika hospitali unatoa kitu kidogo tu cha kuingilia, dawa na vipimo wanabeba wao. Bima ndogo inakata kidogo, hata husikii. Ila dawa unachangia theluthi, na vipimo unalipa mwenyewe mpaka ufike kiwango fulani, ndipo wao waanze kubeba. Hicho kiwango ndicho kinachonikosesha raha. Karani wa bima, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alinieleza mara mbili, na mara zote mbili niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Ukishatia saini huhami mpaka mwaka uishe.

Robo ya pensheni, kaka. Nikiitoa hiyo nabaki na kodi ya nyumba na sabuni. Nisipoitoa, presha yangu ikipanda siku moja nitafanya nini? Unajua mama alivyoondoka. Alikuwa kwenye karai la nguo, povu bado liko mkononi, na tuliomkuta ni mimi na wewe. Presha ile ile ametugawia wote wawili sawasawa, kama alivyokuwa anatugawia kila kitu.

Wewe una hiyo bima ndogo ya kampuni hiyo hiyo, huu mwaka wa pili sasa. Niambie ukweli. Usinitajie makato ya mwezi, hayo nimeyaona. Niambie ukisimama dirishani, mkono unaingia mfukoni unatoka na nini?

Nakuombea kila alfajiri kabla sijajiombea mwenyewe. Usiniambie unacheka.

Mdogo wako


21 Machi

Sindano, mdogo wangu,

Salamu zimefika. Wifi yako amezipokea kwa goti moja, la pili limegoma. Ule mto anaulalia kichwani, umemjua vyema. Sisi wazima. Watu bado wananigongea niwaangalie mita zao za maji eti zinakimbia, na mimi nawaambia nimestaafu huku tayari nimeshachuchumaa nasoma. Kazi haitoki mwilini.

Hofu yako nimeizoea. Wewe ni mtoto uliyekuwa ukimkimbia jogoo mpaka ndani ya kabati. Sasa umekuwa mtu mzima, umepata kitu kingine cha kukukimbiza, nacho ni karani mwenye miwani.

Umeniuliza natoa nini dirishani. Jibu langu ni fupi. Tangu nijiunge na bima hii sijatoa hata senti moja. Mita yangu inasoma sifuri, na ni sifuri safi kabisa. Hayo ya theluthi na kiwango ni maneno ya kwenye karatasi, na karatasi hazijawahi kuugua. Bima kubwa ni ya watu wanaopenda kukaa kwenye mabenchi ya hospitali wakisimuliana. Chukua ndogo. Hiyo tofauti mnunulie paka samaki, labda atakujibu.

Na usiniletee habari za karai la mama. Mama hakuwa na dawa, sisi tunazo. Basi.

Kwa kuwa kadi yako ya zamani inakufa kabla mpya haijaamka, nimekuwekea vidonge vya presha kwenye kifurushi cha basi, vile vile vyako vya pinki. Usivihurumie, huku vimenizidi. Meza kila siku, usiruke hata siku moja. Nasema hata siku moja, Sindano.

Wifi yako anasema chai inapoa na mimi naandika kitabu. Uwe na amani.

Kaka yako, msoma mita asiye na mita


4 Aprili

Kaka yangu mpenzi,

Mungu akuzidishie. Kifurushi nimekipata, na nilipokifungua nililia kidogo, machozi mazuri. Mpwa wako alikuja kwa siku mbili, amenenepa, anasema ni chakula cha shule. Paka amezaa! Kumbe alikuwa ananificha.

Nimetia saini. Bima ndogo. Nimechagua kwa ajili ya maneno yako, na tangu siku hiyo nalala.

Nikusimulie ilivyokuwa. Tulikuwa kwenye benchi la ofisi ya bima mimi na yule mpishi mkuu wa hospitali, yule mnene anayeimba, tumestaafu siku moja. Yeye alikuwa anachukua bima kubwa. Akaitazama karatasi yangu akasema, "Sindano, unanunua mwavuli wenye matundu."

Nikamwambia, "Kaka yangu ametembea nao mwaka na zaidi, hajalowa."

"Huko kwa kaka yako hakunyeshi?"

"Kuna mvua kama ya huku. Ni wewe tu umezoea kupika kwenye masufuria makubwa, kila kitu unataka kikubwa."

Benchi zima lilicheka. Lakini nilipoingia ndani, yule karani hakucheka. Alivua miwani akaniuliza, "Mama, una presha halafu unachukua hii?" Nikamjibu kwamba kaka yangu ana presha kama yangu na hatoi senti. Akaniuliza anatibiwa wapi. Nikakuta sijui. Akainua mabega, akasema labda hospitali ya huko ina msamaha wake, akanipa kalamu.

Sasa nisaidie, maana nimeona aibu kutojua. Kliniki unaenda wapi? Daktari wako ni nani, ni yule wa zamani au mwingine? Presha yako mara ya mwisho ilisoma ngapi? Wewe mtu wa namba huwezi kusahau hiyo.

Na jambo jingine dogo la kipuuzi. Pakiti za vidonge zimekatwa nusu nusu kwa mkasi, tena mkasi butu, kingo zimetafunwa. Mimi mshonaji, naona mambo hayo. Mwambie wifi anitumie mkasi wake niunoe.

Nameza kila siku kama ulivyosema. Mungu akufunike.

Mdogo wako


2 Mei

Sindano,

Salamu. Nimechelewa, nisamehe. Huku mvua nyingi. Mwandiko usikushangaze, nilikuwa nafungua bomba la jirani, spana ikateleza, mkono ukateguka. Utapona.

Hongera ya paka.

Vidonge vingine vipo kwenye kifurushi. Safari hii ni vichache, vingine vitafuata.

Wifi yako mzima. Usimwandikie yeye, macho yanamsumbua, barua zote tuma kwangu.

Mkasi utanolewa huku huku.

Kaka


17 Mei

Kaka yangu,

Salamu kwako, na salamu kwa wifi hata kama macho yanamsumbua, msomee wewe. Huku watoto wa paka wamefumbua macho. Mpwa wako ananiandikia kwamba amepata mchumba, nitakueleza siku nyingine, leo siwezi.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Ina mistari michache kuliko risiti. Umejibu habari za paka na mkasi. Kliniki hukujibu, daktari hukujibu, namba ya presha hukujibu. Nilijiambia mkono unamuuma, atajibu ukipona. Nikajitia moyo hivyo siku kadhaa.

Halafu juzi nilienda hospitali na kadi yangu mpya. Nilivaa gauni la ibada, kama mtu anayekwenda kutambulishwa. Daktari akanipima, akakunja uso, akaniandikia vidonge vile vile vya pinki na kipimo cha moyo. Nikaenda dirishani. Dada wa dirishani akapiga hesabu akaniambia kiasi. Nilidhani sijasikia vizuri.

Nikamwuliza, "Hii ni ya mwaka?"

Akasema, "Mama, hii ni ya mwezi. Ni theluthi yako ya dawa."

"Na kipimo cha moyo?"

"Hicho unalipa chote, mpaka ufike kiwango."

"Nitafika lini?"

Akainamisha kichwa akapanga risiti zilizokuwa zimeshapangwa. "Wengi hawafiki, mama."

Nyuma yangu alikuwa yule mpishi. Alitoa sarafu za kuingilia, akachukua mfuko wake wa dawa, akanipita. Hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka.

Nilichukua dawa za nusu mwezi, kipimo nikakiacha. Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani na mkoba mapajani. Nikafikiria theluthi ya vidonge vya pinki ni kiasi gani, maana sasa naijua. Nikafikiria kaka yangu ambaye hajatoa hata senti. Kampuni ile ile, bima ile ile, vidonge vile vile. Nikazitoa zile pakiti zako kwenye mkebe nikazipanga kitandani. Zote nusu, kaka. Hakuna hata moja nzima. Mtu aliyezidiwa na dawa anatuma pakiti nzima. Anayekata pakiti kwa mkasi anagawa.

Nikavuta karatasi na kalamu.

Unakumbuka ile nyumba ya mwisho wa mtaa uliyotusimulia, ulipokuwa bado mgeni kazini? Ulifika na mwenzako, mita ikasoma namba ile ile ya mwezi uliopita. Haijasogea. Mwenzako akasema andika sifuri twende zetu, jua kali. Wewe ukakataa. Ukasema nyumba yenye mtu haisomi sifuri, mtu lazima anawe uso. Ukabisha. Ukabisha tena ukaita, "Msoma mita!" Hakuna jibu. Ukazunguka nyuma, mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa tu, ukamkuta yule mama mzee sakafuni, midomo imekauka, hawezi kuinuka. Tangu siku hiyo ukawa na desturi yako ambayo wenzako wote walikutania nayo. Wao wakiona sifuri wanashukuru, kazi imepungua. Wewe ukiona sifuri huandiki. Unabisha kwanza.

Na mimi uliniandikia sifuri kwa mkono wako mwenyewe, sifuri safi, nami nikashangilia. Mimi, dada yako, niliyekua nikiisikia hadithi hiyo. Nilitaka iwe kweli kwa sababu nilikuwa naogopa ile robo ya pensheni, na hofu ilinifumba macho.

Mtu mwenye presha yetu haendi mwaka mzima bila hospitali. Bomba halijakauka, kaka, umelifunga mwenyewe.

Nabisha. Unasikia? Unameza dawa au humezi? Na huo mkono, kweli ni spana?

Nijibu upesi. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako


31 Mei

Kaka,

Wiki mbili. Basi la barua limekuja mara nne, na mara zote karani wa posta ananitikisia kichwa akiwa mbali kabla sijafika kaunta, kunipunguzia hatua.

Siwezi kula. Nikisikia maji yanamwagika kwa jirani nakumbuka karai. Jana simu ililia. Niliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, sikuweza kunyoosha mkono. Ikalia tena. Paka aliirukia pale mezani, nikaishika nikimfukuza paka. Alikuwa mtu ananiuliza kama nauza mkaa. Nilimshukuru yule mtu, kaka. Nilimwambia Mungu akubariki, akakata, nadhani aliniona nina kichaa.

Kukupigia mimi nashindwa. Naogopa atapokea wifi, na nitajua kwa pumzi yake kabla hajasema neno.

Sala zangu zimekuwa fupi. Nasema, "Bwana, awepo." Sina maneno mengine.

Kama umekasirika kwa niliyoyaandika, niandikie hasira. Nitaibusu.

Mdogo wako


3 Juni

Sindano, mdogo wangu,

Barua zako zote mbili ziko hapa mezani. Ya pili imefika leo, ndiyo imenivunja nguvu. Naandika taratibu. Herufi zinayumba kwa sababu ni mkono wa kushoto, nao ulikuwa haujawahi kuajiriwa.

Hapakuwa na spana.

Nilianguka mwezi wa nne, bafuni, asubuhi, nikinawa uso. Upande wa kulia wote ulilala. Mguu umeanza kuamka, mkono bado unafikiria. Mdomo ulipinda kidogo, wifi yako anasema sasa nafanana na mjomba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Usifikiri kuwa nilikudanganya. Nilisema sijatoa senti, na kweli sikutoa. Nilienda mara moja, mwezi wa kwanza wa hiyo bima. Nikafika dirishani wakanitajia. Nyuma yangu foleni ndefu, wengine nawajua, nimewasomea mita. Nikasema nimesahau pochi kwenye baiskeli. Nikatoka. Sindano, baiskeli nilikuwa nimeiacha nyumbani. Sikurudi tena.

Baada ya hapo nikawa nanunua pakiti duka la dawa nikipata, bila kadi, bila maswali ya daktari. Nameza leo, kesho naruka. Nilikuwa najisikia vizuri tu. Ndiyo ubaya wa presha, haibishi. Ulipoandika kwamba kadi yako inakufa, nilimwona mama kwenye karai, tena waziwazi kuliko nilivyokuandikia. Nikasema mmoja wetu ameze kila siku, na awe wewe, wewe ndiye mwoga, usingeweza kuishi na kuruka ruka. Nikachukua mkasi. Wifi yako hajanisamehe mkasi wake.

Nilikwambia uchukue ndogo kwa sababu ningekwambia uchukue kubwa ungeniuliza kwa nini mimi sina.

Simu niliiweka chini ya godoro, ninailalia, ili wifi asikupigie. Niliona ikilia kwako utaanguka kabla hujaishika, na hapo tutakuwa wawili chini. Hospitali nililala. Ilikuwaje na ilikuwa kiasi gani, hayo usiniulize, na wifi usimuulize.

Usije. Nyumba ndogo na mimi sura sina. Nikiweza kutembea mpaka getini nitakuandikia uje.

Umesema unabisha. Nimesikia. Nilikuwa nasikia muda wote.

Kaka


10 Juni

Kaka yangu,

Salamu kwako, na kwa wifi salamu mbili, moja ya mkasi. Mpwa wako anakusalimu, analia kwenye simu lakini anakusalimu. Ndiyo, nilimpigia mimi mwenyewe.

Umesema nisije. Nakuja Jumamosi.

Usirushe mikono, najua sasa unao mmoja tu wa kurusha. Nisikilize mpaka mwisho. Nilirudi kwa yule karani mwenye miwani, nikamweleza kila kitu, na safari hii sikuitikia kwa kichwa, nilimwuliza mpaka nikaelewa. Mimi nimefungwa kwenye bima ndogo hadi Aprili, hakuna njia, nimemwomba na amekataa kwa huruma. Lakini wewe mwaka wako unafunguka Julai. Mwezi huo peke yake unaweza kuhamia kubwa, hata ukiwa mgonjwa, ukikosa hapo ni mwaka mwingine. Nikamwuliza tofauti ya ndogo na kubwa ni kiasi gani kwa pensheni kama yako. Akaniandikia. Nikaitazama ile namba nikacheka kwa sauti ofisini kwake. Ni kodi ya nyumba yangu, kaka, imepungua kidogo tu.

Kwa hiyo nyumba nimeirudisha kwa mwenyewe, kodi yake ikulipie hiyo kubwa. Cherehani yangu ya mguu inakuja kwa lori, ikae kwa wifi barazani, nitashona sare za shule na mapazia. Nitalala sebuleni. Paka na watoto wake wanakuja kwenye kikapu, wifi asinune, mmoja ni wake. Theluthi yangu ya dawa nitailipa mwenyewe na cherehani, na dirishani tutasimama wote wawili, nikuone ukisema umesahau pochi.

Vidonge vyako nilivyobakiwa navyo, tangu nielewe sijavigusa. Navirudisha. Usianze kelele, vyangu ninavyo, nimenunua, nimemeza leo asubuhi. Wewe meza cha leo ukimaliza kusoma mstari huu. Mwambie wifi akuletee maji.

Nimekuandikia kama mtu shujaa, lakini sina ushujaa wowote. Naogopa tangu nikiwa nafunga mizigo. Naogopa barua hii itachelewa na mimi nitaitangulia. Naogopa Jumamosi ni mbali. Huwa nasema, "Mungu, mlinde mpaka Jumamosi," halafu naona nimekuwa bahili, naongeza, "na baada ya Jumamosi." Naogopa nitashuka basi, nitafika getini kwenu, na nyumba itakuwa kimya.

Basi hivi ndivyo nitakavyofanya, uwe umejua. Nitabisha. Nitabisha tena na nitaita, "Msoma mita!" kwa sauti kubwa, majirani wasikie, muone aibu. Ukiwa na nguvu ya kuitikia, itikia, hata kwa huo mdomo wa mjomba. Ukiwa huna, usihangaike kuinuka. Nitazunguka nyuma. Mwambie wifi mlango wa jikoni aurudishe tu, asiufunge.

Yule mama mzee wa mwisho wa mtaa ulimkuta hai, kaka. Ulimnywesha maji kwa kijiko, ukakaa naye sakafuni mpaka watu wakaja. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuambia urudie hapo tu, uanzie kwenye kijiko.

Usifunge mlango.

Mdogo wako